Siku Moja Kwenye Dawati la Watoto Waliopotezana na Wazazi

Nikisema nafanya kazi kambini, watu hudhani nagawa mablanketi. Mimi nauliza maswali, kutwa nzima. Watoto waliopotezana na wazazi wao wakikimbia mapigano hupita kwangu kwanza, kabla hatujaamua watalala kwa nani.

Saa kumi na mbili asubuhi nachaji simu, napanga fomu, napiga chai ya harakaharaka.

Saa moja na nusu niko mapokezi. Wenzangu wa lishe wanazungusha utepe kwenye mkono wa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, yaani rangi nyekundu ya utapiamlo mkali, mtoto huyo hapangi foleni tena, anapelekwa kutibiwa. Mimi natazama nani kamshika nani. Leo nimemwona binti mdogo kang'ang'ania upindo wa nguo ya mama mmoja ambaye hakugeuka nyuma hata mara moja. Kumbe mama wa watu hakujua kwamba anafuatwa.

Saa tatu tumekaa chini, mimi na yule binti. "Baba anaitwa nani?" "Baba." "Na mama?" "Mama." Mtoto wa umri huo humuulizi wilaya. Unamuuliza mama alikuwa akimwita vipi kwenda kuoga, nani alilala pembeni yake, maji waliteka wapi. Naandika vilevile anavyotamka, bila kumsahihisha. Picha yake itabandikwa ubaoni na namba tu, bila jina, ili anayedai ni wake alitaje mwenyewe.

Na hapo ndipo mzozo wa saa tano ulipoanzia. Kaingia kaka mmoja, vumbi hadi kwenye nyusi, kaelekeza kidole kwenye picha ya mvulana. "Mtoto wa dada yangu huyu. Nipeni niondoke naye."

Nikamuuliza jina la mtoto. Kalitaja. La mama yake? Kalitaja. Nyumbani walikuwa wangapi? Hapo akawaka. "Dada, hii ni damu yangu, unanihoji kama mwizi? Nani kawapa mamlaka?"

Ningeweza kumtajia kifungu cha 22 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kinachozitaka nchi zisaidie kumtafutia mtoto mkimbizi wazazi au ndugu zake. Aliyetembea kwa miguu kutwa hataki vifungu. Nikampa maji, nikarudia swali. Karusha mikono, katoka, karudi. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika, na mwenzangu wa zamu alikuwa hajafika. Mwishowe akajibu: dada yake ana watoto wawili.

Mvulana, nilipomhoji peke yake, alisema watatu. Mdogo wao bado ananyonya.

Kama ni mjomba kweli na aliondoka nyumbani kitambo, basi ana mpwa asiyemjua, nami siruhusiwi kumwambia. Nikimdokezea tu, swali hilo halitufai tena. Wapo wanaokuja na machozi kumbe wanataka mtoto wa kutumikishwa. Kwa hiyo nikakaza uso, nikaandika, naye akaniona sina utu.

Chakula cha mchana sikumbuki. Kuna simu ya mtu wa mbali anayetaka "kupewa yatima mmoja" amlee; nikamweleza kwamba katikati ya vita hatuasilishi mtoto, maana wengi wanaoitwa yatima wana ndugu walio hai. Akakata. Baadaye nikatembelea familia mbili zinazolea kwa muda, mtandao ukagoma, fomu hazikwenda, na miguu ikawa si yangu tena.

Jioni nikamuuliza mvulana kama angependa kumwona mgeni. Kachungulia dirishani, katazama weee. "Ni mjomba. Mama yuko wapi?" Nikamwambia bado tunamtafuta.

Uamuzi ni wa kikao cha kesho. Nilipofunga, yule kaka alikuwa bado nje.

"Mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, kaka."

"Saa moja utanikuta hapa. Na hayo maswali yako uyamalize yote."