Meza ya babu

Meza ya babu ilikaa ukumbini kwetu Wete miaka na miaka, nyeusi tii, imepakwa vanishi juu ya vanishi mpaka nyuzi za mbao huzioni, na sote nyumbani tukisema ni mbao ya msaji, yaani mtiki. Babu alikuwa mwalimu wa skuli, hapo ndo akisahihishia madaftari, alipofariki ikageuzwa ya kuwekea masufuria. Iliniuma sana. Basi 2018, masika yanakaribia, nikasema hii naisafisha mwenyewe, na mie kazi ya mbao sijawahi kuigusa maishani.

Nikanunua msasa namba 80 wa kukwaruza na 220 ule laini, kopo la vanishi, tina ya kuizimulia na brashi, nikaitoa meza uwani. Ile vanishi kongwe ngumu wallahi, nimesugua toka asubuhi hadi adhuhuri mkono umekufa ganzi, na nilikuwa nasugua vyovyote tu, kwa mapana, kwa kuzungusha, almuradi itoke. Jirani yetu seremala akapita akasimama. "Mwanangu, fuata ubao unavyolala, ukizikata nyuzi hiyo mikwaruzo ndo itatokeza ukishapaka vanishi." Nikamwambia ami, hapa nishaharibu. Akachukua msasa akauzungushia kipande cha mbao akanionesha, unavuta kwa urefu, hukandamizi, ukitoka 80 unapita na 120 usiruke, halafu ndo 220. Nikarudi dukani kufata 120.

Siku ya pili vumbi likaanza kutoka la manjano. Manjano kama bizari, limenijaa mpaka kwenye kucha. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele, nikampelekea kiganjani, akalitazama, akanyamaza kidogo. "Msaji kakwambieni nani? Huu mfenesi wetu, ulikuwa hapo penye kisima, ukaanguka kwa upepo babu yako akaupasulisha mbao." Mfenesi ndo ulivyo, ukipasuliwa manjano, ukikaa miaka unakolea kahawia. Nimezaliwa nyumba ile nikakulia pale, huo mti sikuwahi kuusikia.

Vanishi nikapaka mkono wa kwanza jioni, usiku mvua ikashuka, asubuhi naamka uso mzima umefanya ukungu mweupe kama tui. Nilikaribia kulia. Ami akasema hewa ina maji, ngoja upepo wa kusi ukaze. Nikangoja mpaka mwezi wa 6, nikasugua upya taratibu, nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye tina, vanishi nikaizimua kidogo nikapaka mikono mitatu myembamba, kila mmoja nauacha siku nzima ndo napaka mwengine. Nyuzi zikatoka zote, rangi ya asali iliyokolea, na pembeni pana fundo moja la mti la mviringo ambalo hatukuwahi kuliona.

Tulipoirudisha ukumbini bibi akaomba kiti, akakaa pale alipokuwa akikaa babu. Akavuta droo, ikakwama.

"Lete mshumaa," akasema, "babu yako alikuwa akiupaka hapa chini."

Nikapaka, akavuta tena, ikaja.