Kijana wa Kanda ya Ziwa, kabla hujapeleka mfuko wa gofu Marekani

Kila kijana wa Mwanza anayeanza kuandikiana na makocha wa vyuo vya Marekani huuliza hili: kanuni za gofu ya vyuo ndizo hizi tunazochezea huku? Ndizo. Kitabu ni kimoja. R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, vyama vinavyoandika kanuni za gofu, wana kanuni za pamoja tangu 1952 (ukubwa wa mpira ndio uliowatenganisha mpaka 1990). Kitabu kiliandikwa upya 2019 na kurekebishwa 2023. NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo kule, haina kitabu chake cha gofu. Chuoni kama kwingine, mpira uliopotea unatafutwa dakika tatu, mpira wa kudondosha unaachiwa kutoka usawa wa goti, na mfuko hauzidi fimbo 14.

Kinachobadilika ni karatasi. Kila mashindano hutoa karatasi ya masharti yenye kanuni za mahali, na kitabu chenyewe kinairuhusu kamati kuchagua mambo kadhaa. Michezo ya timu ina kanuni yake, ya 24. Wachezaji wengi husoma karatasi hiyo harakaharaka asubuhi ya mashindano, wakati mwingine wakiwa tayari kwenye tii ya kwanza (pale mpira unapoanzia). Wamechelewa.

Jambo linalowaumiza wengi ni ushauri. Kwa kawaida wa kumshauri mchezaji uwanjani ni kedi wake (anayembebea mfuko), au mwenzake wanayecheza kama jozi. Lakini Kanuni ya 24 inairuhusu kamati kukubali mshauri wa timu, na vyuo vya Marekani hutumia ruhusa hiyo: kocha anatembea uwanjani na anaweza kukuambia upepo unakoelekea, fimbo ya kutumia na mahali salama pa kulenga. Kijana akikaa miaka minne hivyo, mdomo unazoea. Siku anapoingia mashindano ya wazi ya mtu mmoja mmoja, anamwona kocha wake wa zamani pembeni na kumuuliza namba ya fimbo, "Hapa saba au nane?" Hiyo ni adhabu ya mikwaju miwili, papo hapo. Kocha akisema bila kuulizwa, mara ya kwanza hakuna adhabu, ila akiendelea lazima umzuie. Ukinyamaza unahesabiwa kuwa umeomba.

Kuna mtego mwingine ambao hata vyuoni unanasa watu. Kuvaa fulana moja hakumfanyi mwenzako wa timu kuwa mshauri wako. Kila mmoja akicheza mpira wake kwa alama zake, kuulizana "umepiga na ngapi?" ni kosa, isipokuwa karatasi iseme vinginevyo, na anayejibu naye anaadhibiwa. Kuchungulia mfuko wa mwenzako uone fimbo ipi imetoka kunaruhusiwa. Kusogeza taulo lake ili uone hairuhusiwi. Umbali kutoka mti fulani hadi grini (nyasi fupi zenye shimo) unaweza kumuuliza yeyote, maana umbali si ushauri.

Kisha kuna kedi. Entebbe au Kisumu mchezaji amezoea mtu wa kubeba mfuko, kusoma grini na kufuta mpira. Kwenye mashindano ya NCAA kedi hakuna: unabeba mwenyewe au unasukuma toroli. Na mashindano mengi ya vyuo ni mashimo 54, mara nyingi 36 yakichezwa siku ya kwanza. Kijana aliyefundishwa kusomewa grini anafika shimo la 30 mabega yanawaka na hajui mteremko unaelekea wapi. Kwa maoni yangu hili ndilo la kufanyia mazoezi kuliko yote. Beba mfuko wako mwenyewe angalau mara mbili kwa wiki miezi sita kabla ya kusafiri, na usimuulize mtu yeyote mstari wa pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni.

Hesabu ya timu nayo inabadilisha uchezaji. Chuoni wanacheza watano, zinahesabiwa alama nne bora, yaani za chini, za kila raundi. Tuseme wamepata 70, 72, 73, 75 na 81. Timu ina 290, ile 81 inatupwa. Sasa aliyepiga 72 akifutwa kwa sababu alisaini kadi yenye nne kwenye shimo alilopiga tano, 81 inarudi mezani: 299. Mikwaju tisa imekwenda kwa kalamu. (Angeandika sita badala ya tano, sita ingebaki na asingefutwa.) Kwenye ubingwa wa dunia wa timu za ridhaa wanacheza watatu na zinahesabiwa mbili. Ubingwa wa NCAA humalizikia kwa timu nane kukabiliana ana kwa ana, wanaume tangu 2009 na wanawake tangu 2015. Timu yenye mechi tatu kati ya tano imeshinda.

Darubini ya kupimia umbali: tangu 2019 kitabu kinairuhusu, mpaka kamati ikatae. Vyuoni inatumika. Baadhi ya mifululizo mikubwa ya mashindano ya kulipwa imewahi kuikataza kwa kanuni ya mahali, ingawa PGA Championship, moja ya mashindano makuu ya kulipwa, imeiruhusu tangu 2021. Popote ulipo, zima kipimo cha mwinuko. Ukikitumia mara ya kwanza ni mikwaju miwili, mara ya pili unafutwa.

Na kiboko? Hapa ziwani swali hili si mzaha, na jibu lake ni lilelile duniani kote: Kanuni ya 16.2, mnyama wa hatari. Mpira ukiwa karibu naye kwenye nyasi za kawaida, tafuta sehemu ya karibu isiyo na hatari, pima urefu wa fimbo moja, usisogee karibu na shimo, dondosha bure. Ukiwa ndani ya vigingi vyekundu vya ziwa, bure ni kwa kudondosha ndani ya vigingi hivyohivyo. Kutoka nje ni mkwaju mmoja. Na kama mpira ulikuwa majini mahali usipopigika hata kama kiboko asingekuwepo, msaada wa bure haupo. Nyayo zake si shimo la mnyama kwa mujibu wa kitabu, kwa hiyo zinahitaji kanuni ya mahali, kama ile iliyoifanya kadi ya alama ya klabu ya gofu ya Jinja, Uganda, ijulikane.

La mwisho ni zawadi. Tangu 2022 mchezaji wa ridhaa anaweza kupokea hadi dola 1,000 katika shindano, na fedha taslimu ni kwenye mashindano yasiyotumia handikapu (mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake) tu. Hiyo ni kanuni ya gofu. Chuo kina masharti yake juu ya hapo, kwa hiyo kabla ya kupokea bahasha yoyote kwenye shindano la klabu, mwandikie kocha, taja kiasi na aina ya shindano, na usubiri jibu la maandishi.