Si saratani, ila dawa bado zipo

Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye kibofu cha Mama kikapimwe yalipotoka na ikathibitika si saratani, nyumba nzima ilishusha pumzi. Simu zikamiminika, shangazi akapiga vigelegele, kisha watu wakaacha kuuliza. Kwa wengi, ukishaambiwa si saratani ni kama umeshapona.

Mama ana malakoplakia ya kibofu cha mkojo, uvimbe usio saratani. Tulidhani ni U.T.I. sugu, maana kila mkojo ukioteshwa maabara walitoka bakteria wale wale, E. coli. Alipoanza kukojoa damu ndipo wakampitisha kamera, wakakuta mabaka ya manjano yaliyovimba kwenye ukuta wa kibofu. Kwa macho tu, mabaka hayo yanaweza kudhaniwa saratani. Kilichoamua ni hadubini: ndani ya seli kulikuwa na viduara vyenye kalsiamu na chuma, miili ya Michaelis-Gutmann, iliyoelezwa mwaka 1902. Huyo Michaelis ndiye yule yule wa mlinganyo wa vimeng'enya uliotutoa jasho chuoni! Sikutegemea tukutane tena kwenye kibofu cha mama yangu.

Nilivyoelewa mimi, seli za kinga zinameza bakteria vizuri tu, ila zinashindwa kuwamaliza. Wanabaki humo ndani, hawajafa sawasawa, na uvimbe unajijenga juu yao. Ndiyo maana dawa inayotakiwa ni ile inayopenya mpaka ndani ya seli. Mama anameza siprofloksasini. Wengine hupewa kotrimoksazoli au rifampisini, na anayetumia dawa za kushusha kinga, kama aliyepandikizwa figo, huenda akapunguziwa dozi ya hizo za kinga. Dawa ya kuua bakteria si dozi ya wiki moja. Inaweza kwenda miezi, na hapo ndipo nawaona ndugu wanachoka kuliko mgonjwa.

Yeye mwenyewe kinachomuuma ni chai. Maziwa huzuia kidonge kufyonzwa vizuri, kwa hiyo chai yake ya maziwa imesogezwa mbali na saa ya dawa. "Hiyo kansa ingeniachia chai yangu, mwanangu," ananiambia, na anacheka peke yake.

Daktari alituonya pia kuhusu kano, hasa za kisigino, kwamba dawa hii inaweza kuziumiza, zaidi kwa watu wa umri wake. Juzi Mama akaanza kuchechemea. Niliishika simu kumpigia daktari, akanizuia: vilikuwa viatu vipya vya kanisani.