Mwezi Ulipopatwa: Nilivyoimaliza Riwaya Yangu ya Upelelezi

Riwaya yangu ilikwama sura ya saba kwa mwaka mmoja na nusu. Aliyeikwamua ni shangazi yangu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mkulima wa mwani ambaye hajapata kushika kitabu cha upelelezi maishani mwake. Alinisikiliza nikimsomea kurasa nne tu, akaniuliza swali moja.

Kisa nilichokuwa nakiandika ni hiki. Mwaka 1982, katika kijiji nilichokitunga na kukiweka baina ya Bwejuu na Michamvi, karani wa duka la ushirika anatoweka usiku mmoja, na sanduku la fedha halionekani. Shahidi anaapa kuwa alimwona kwa macho yake akipakia sanduku ngalawani, akatweka tanga na kuvuka mwamba. Kijiji kikakata shauri kuwa karani ni mwizi na kakimbilia Mrima, pwani ya bara. Mkewe akabaki si mke, si mjane. Hakukaa eda kwa sababu hakuna aliyesema mumewe kafa, na hitima haikusomwa kwa sababu hiyo hiyo. Miaka inapita. Siku moja warithi wa nyumba kongwe wanakubaliana ivunjwe ili kiwanja kiuzwe, na fundi anapoteremsha boriti za dari anaangukiwa na kopo la bati lenye mabunda ya noti za shilingi 100, zile za zamani ambazo leo huwezi kununulia hata kiberiti. Nyumba yenyewe haikuwa ya karani.

Nilifikiri sana kabla ya kuchagua mirathi. Mara ya kwanza niliandika mifupa iliyofukuliwa kwenye msingi wa hoteli, nikaifuta. Katika ukoo wetu, na naamini katika koo nyingi, mambo ya zamani hutoka pale ndugu wanapokaa kugawana. Hapo ndipo hati zinatolewa mkobani, na mtu aliyenyamaza tangu ujana anasema, "Hiyo nyumba mnaijua ilijengwa kwa pesa gani?"

Mpelelezi wangu wa kwanza alinishinda. Anayeandika upelelezi Unguja lazima apite mbele ya Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960. Bila kukusudia nilikuwa nimemtengeneza mdogo wake: mwanamme wa mjini, mtulivu, mwenye majibu yote. Akifika kijijini kwangu watu wanamkaribisha, wanamtilia chai, na hawamwambii kitu. Kwa nini wamwambie? Hawana wanalomdai, wala yeye hana analowadai. Nilikuwa naandika mazungumzo marefu ambayo mimi mwenyewe siyaamini.

Usiku wa tukio niliupenda kuliko sura zote. Nilitaka kijiji kizima kiwe mahali pamoja ili shahidi abaki peke yake na alichokiona, nikachagua usiku wa mwezi kupatwa. Watu wako msikitini kwa sala ya kupatwa, watoto nje wanapiga masinia na madebe. Sikutaka kuubuni. NASA wana orodha ya kupatwa kwa mwezi inayokusanya miaka 5,000, na humo nikaupata: Jumamosi tarehe 9 Januari 1982, kupatwa kote, kilele dakika chache kabla ya saa tano usiku kwa saa zetu. Tarehe yenyewe ilinipa vitu vingi bila ya kuvitafuta. Ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na siku tatu mbele yake ni Mapinduzi, kwa hiyo karani kushika fedha nyingi na watu kuwa safarini ni jambo la kawaida. Nikamwekea shahidi saa nne na nusu, mwezi umeshaanza kuwa mwekundu, ngalawa inaondoka kimya kimya chini ya mivinje. Niliona nimeandika vizuri.

Nilimsomea shangazi sura hiyo ukumbini kwake, yeye akifunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa ajili ya kesho. Mikono haikusimama mpaka nilipofika kwenye tanga. Akaiweka kamba chini.

"Mwanangu, usiku wa mwezi kupatwa, saa nne. Maji aliyapata wapi?"

Sikumfahamu. Akanikumbusha Julai 2018, mwezi ulipopatwa, sote tukiwa kwake. "Si ulivua viatu ukenda mpaka kwenye vijiti vyangu vya mwani? Ulirudi na kanga yangu imelowa?"

Haikulowa. Nilitembea mbali kabisa, nyayo zikizama kidogo tu kwenye mchanga baridi, na vijiti vya mwani vilikuwa vimesimama wazi safu kwa safu, vivuli vyake havionekani vizuri kwa ule wekundu. Ngalawa zilikuwa zimelalia rengu zao, yale mabawa ya ubavuni. Bahari niliisikia huko mwambani, siioni. Nilikuwepo, niliyaona kwa macho yangu, kisha nikakaa mjini mezani nikaandika ngalawa inaelea.

Wanaoishi mbali na pwani yetu niwaeleze. Mwezi hupatwa siku ya mwezi mpevu tu, dunia inapokuwa baina yake na jua. Mwezi mpevu, kama mwezi mwandamo, ndio wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Na bamvua kwetu lina saa zake: maji hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani na Bwejuu, yakitoka yanakwenda hadi mwambani, pengine kilomita nzima na zaidi. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka, saa nne ndiyo yamejaa, ingawa hayajai sana. Mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara huku mwaka 1989, wanawake walijipangia maisha kwa hesabu hii. Wiki ya bamvua wanashuka shambani, maji mafu wanakaa nyumbani. Ukimuuliza shangazi harusi ya fulani ilikuwa lini, atakwambia maji yalikuwaje siku hiyo.

Nilirudi mjini nimevunjika moyo. Nilijaribu kuisogeza ngalawa alfajiri, maji yanapojaa, lakini hapo watu wanaamka kwa sala na shahidi hawezi kudai kuwa alikuwa peke yake. Nikajaribu kuuondoa mwezi, sura ikafa. Nikafikiria kumpa karani watu wa kumsaidia kuiburura ngalawa, kisha nikajiuliza ni watu gani, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyepata kusema. Wiki mbili nilipita hivyo. Ilikuwa usiku, baada ya isha, ndipo nilipoona kuwa sina haja ya kurekebisha chochote. Lile kosa niliache pale pale lilipo, ila lisiwe langu. Liwe la shahidi.

Tangu hapo kitabu kiliandikika. Kwa nini shahidi aliisema saa nne? Kwa sababu saa hiyo kijiji kizima kiko msikitini, hapana wa kumpinga. Alihitaji saa isiyo na mashahidi, na saa isiyo na mashahidi ilikuwa saa isiyo na maji. Ngalawa iliondoka kweli usiku ule, lakini iliondoka saa kumi alfajiri, yeye ndiye aliyeisukuma, na ndani yake hamkuwa na mtu. Karani alipo sitasema hapa, niwaachie watakaokisoma.

Yule mpelelezi wa mjini nilimfuta, na nafasi yake akachukua mkulima wa mwani. Si shangazi, shangazi ni mpole zaidi. Ni mama wa makamo, jamaa ya mke wa karani kwa upande mmoja na jamaa ya shahidi kwa upande mwingine, kama ilivyo kila mtu katika kijiji kama kile. Nilipokokotoa tena nikagundua kuwa kupatwa kwa tarehe 27 Julai 2018 kilele chake kilikuwa saa tano na dakika 22 usiku, karibu sana na ule wa 1982. Basi nikaileta riwaya mwaka 2018. Noti zinaanguka mwezi Juni, na Julai anasimama pwani usiku, mwezi mwekundu juu ya kichwa chake, anaangalia mchanga mtupu, anakumbuka maneno ambayo ameyasikia tangu utoto.

Jambo moja nililipigania sana ni haki ya msomaji. Sikutaka afike mwisho aambiwe habari za bamvua kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo sura ya pili yote ni kazi ya mwani: kushuka asubuhi, mwani mnene unaokufa kwa joto na mwembamba unaovumilia, mama mmoja akilalamika kuwa maji mafu wiki hii na mtoto ana ada ya skuli. Msomaji anadhani namwonesha maisha ya kijiji. Usiku wa 1982 unakuja sura ya nne, umesimuliwa na watu watatu tofauti, na kila mmoja anautaja mwezi. Vipande vyote viwili anavyo mkononi kabla ya mpelelezi.

Sura ngumu kuliko zote ilikuwa ya kumkabili shahidi. Sasa ni mzee anayeheshimiwa, anayesimamia ndoa za watoto wa wengine. Mwanamke wa kijijini hamnyooshei kidole mzee wa namna ile mbele za watu, na nikimfanya amnyooshee nitakuwa nimeandika nchi nyingine. Niliiandika mara sita. Mwishoni nikamweka barazani baada ya alasiri, amemletea mzee kahawa, amekaa kitako chini, na anamwomba amsimulie tena habari za usiku ule kwa sababu wajukuu hawaijui. Mzee anasimulia, kwa ufundi, kama alivyozoea. Anapofika kwenye ngalawa, yule mama anauliza kwa sauti ya kawaida, "Babu, wakati huo maji yalikuwa wapi?" Barazani wamo wavuvi wanne. Hakuna anayesema neno, ila mmoja anakiweka kikombe chini.

Nikamrudia shangazi na kurasa hizo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, maji yamekaa." Kisha akanyamaza kidogo.

"Na yule mkewe, umemwacha hivyo hivyo?"

Nilikuwa nimemwacha. Nikaandika sura moja zaidi, fupi, ya hitima ya karani: mikeka imetandikwa uani, juzuu zinagawiwa, na bibi mwenye miaka sabini na kitu anavaa nguo nyeupe kuanza eda aliyoicheleweshewa.