Wafundishwe Wimbo Huo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nilikuwa nimewaandalia neno juu ya kufunga na kuomba. Nimeliweka kando. Tangu Jumanne usiku sina amani, na nikiwaandikia juu ya jambo lingine nitakuwa ninawapakulia chakula ambacho mimi mwenyewe sijakionja.

Jumanne nilikuwa kwenye kilio, Kamalondo, hapa Lubumbashi. Marehemu alikuwa mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, pamoja na baba yangu. Umeme ulikuwa umekatika, tukakaa chini ya turubai na taa za simu. Korali yetu iliimba, mchungaji akaomba, wamama wakagawa chai. Ilipokaribia saa sita za usiku, wazee watatu wakasogeza viti vyao karibu na ukuta. Mmoja alikuwa na gitaa lililobaki na nyuzi tano. Akaanza kulipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba kikitembea chini kama mtu anayetwanga, kidole cha shahada kikijibu juu. Nikaujua wimbo kabla hajafika mbali. Ulikuwa Masanga, wa Mwenda Jean-Bosco.

Vijana, huenda jina hilo mmelisikia kwa babu zenu tu. Mwenda wa Bayeke alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 alikuwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, wakati Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alipopita na mashine yake ya kurekodi akamkuta kijana huyo na gitaa lake. Sahani ya Masanga ikatoka hapo. Baadaye Mwenda aliishi Nairobi, na wapigaji wa kule wakajifunza kwake. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani, mbele ya umati wa watu wasiojua Kiswahili. Mtoto wa kwetu, akiimba kwa lugha tunayonunulia unga sokoni. Alikufa mwezi wa tisa, mwaka 1990, kwa ajali ya gari huko Zambia.

Na hapo mwaka 1990 ndipo ushuhuda wangu unapoanza. Ni mzito, nivumilieni.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeokoka miezi michache tu, na moto wangu ulikuwa mkubwa kuliko akili yangu. Habari ya kifo cha Mwenda ilipofika kwetu Katuba, baba alirudi kutoka kazini, hakula. Alitoa gitaa lake chini ya kitanda. Jioni wakaja wenzake wanne, watu wazima wenye mvi, wakakaa uani. Hawakunywa pombe usiku ule. Walipiga nyimbo za Mwenda moja baada ya nyingine, na katikati ya nyimbo walinyamaza. Nilimwona baba akifuta macho kwa mkono wa shati. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika bibi.

Nikatoka nje na Biblia mkononi. Nikawaambia, mbele ya wageni, mbele ya mama, kwamba wanamlilia mtu wa dunia, kwamba nyimbo zile ni za giza, na kwamba nyumba yetu sasa ni ya Bwana. Mtoto wa miaka kumi na sita! Hakuna aliyenijibu. Wale wazee walisimama, wakaaga, wakaenda. Baba alirudisha gitaa chini ya kitanda. Baada ya miezi kadhaa aliliuza. Miaka mitatu baadaye yeye naye aliokoka, akabatizwa, akawa shemasi mwaminifu hadi Bwana alipomwita mwaka 2011. Nami miaka yote hiyo nilisimulia habari ya gitaa lile kanisani kama ushindi wangu. Watu walisema amina. Baba alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, akisikiliza.

Jumanne, Masanga ilipoisha, nilikuwa nalia bila kuweza kujizuia, na haikuwa kwa ajili ya marehemu.

Fungueni 2 Samweli, sura ya kwanza. Mnaijua. Sauli amekufa Gilboa. Huyu ndiye Sauli aliyemtupia Daudi mkuki wakati Daudi alipokuwa akimpigia kinubi, aliyemwinda jangwani kama kware. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusimama kwenye kilio na kusoma makosa ya marehemu, ni Daudi. Alipasua nguo, akalia, akafunga mpaka jioni. Kisha akatunga wimbo. Ndani yake Sauli na Yonathani ni wepesi kuliko tai, ni hodari kuliko simba. Mkuki haumo. Jangwa halimo. Anawakumbusha hata binti za Israeli nguo nyekundu alizowavika Sauli. "Msiyahubiri katika Gathi," anasema, maana kule kwa Wafilisti, adui zao, kulikuwa na watu waliongoja kuufurahia msiba ule.

Wapendwa, mimi nilikuwa Gathi. Uani kwa baba yangu mwenyewe, nilikuwa Gathi.

Na si mimi peke yangu, niruhusuni niseme. Siku hizi tunaingia kwenye vilio vya watu tukiwa mahakimu. Mwili haujatoka mochwari, sisi tunaulizana alisali wapi, alitubu lini, nani alimwona akiwa na chupa. Mjane analia, tunamwambia anyamaze kwa sababu machozi mengi ni kukosa imani. Rafiki wa marehemu anataka kuimba wimbo walioimba pamoja ujanani, tunamnyang'anya kipaza sauti. Ni nani aliyetuweka mlangoni mwa huzuni ya watu? Yesu alifika kaburini kwa Lazaro akijua atamfufua, na bado alilia machozi. Yeye mwenye ufunguo wa kaburi alilia, wewe usiye na ufunguo hata wa kesho yako unamkemea anayelia! Acheni. Nawasihi kama dada yenu, acheni. Kama kuna mzee uliyemnyamazisha kwa jina la Bwana, na bado yuko hai, usingoje Jumapili. Panda basi uende. Mimi wangu alikwisha kwenda, ninasema na udongo.

Sisemi kila wimbo ni mzuri. Ziko nyimbo nisizoweza kuimba, na mwanangu hataziimba nyumbani kwangu. Lakini Paulo alisema jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Mimi sikujaribu chochote, nilitupa tu. Kinubi chenyewe kilianzia wapi? Kwa Yubali, Mwanzo 4, wa uzao wa Kaini. Katika ukoo wa muuaji. Na Mungu hakuona haya kukiingiza hekaluni.

Lakini neno lililonishika juma hili ni dogo, liko mstari wa 18. Daudi hakuishia kulia. Aliagiza wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Wafundishwe! Alijua wimbo usiofundishwa hufa mara ya pili. Nyimbo za Mwenda zilibaki kwa sababu mtu alipita Jadotville na mashine. Kwa baba yangu hakupita mtu.

Maana baba naye alikuwa akitunga. Alikuwa na wimbo aliomtungia mama kabla hawajaoana, wakati mama alipokuwa aje kwa treni kutoka Sakania na hakuja. Nilipokuwa mdogo alinilaza nao. Leo ninakumbuka mistari miwili:

*Treni imefika, weye haukushuka,*
*miye na gitaa tunarudi nyumba.*

Basi. Kilichofuata sikijui. Mama naye ametutangulia, ndugu zangu hawakumbuki. Nimeshika mamia ya nyimbo za kitabu kwa moyo, namba na beti, na wimbo ambao kwa huo mimi nilizaliwa nimeupoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kabla ya alfajiri, watu walipopungua, nilimwendea yule mzee wa gitaa. Alinimulika usoni kwa simu, akaniangalia muda mrefu.

"Ninakukumbuka," akasema. "Weye njo ulitufukuza."

"Njo miye, papa. Munisamehe."

Nilipiga magoti pale kwenye vumbi. Akanishika bega. "Ikala apa, mama," akasema, akanivutia kiti. Hakusema kama amenisamehe. Aliweka tu gitaa gotini, akaanza kupiga taratibu kitu ambacho sikukitambua mpaka kidole gumba kiliporudia mara ya pili. Ilikuwa ni treni. Ulikuwa wimbo wa baba. Niliimba mistari yangu miwili, nikakwama. Yeye hakukwama, vidole viliendelea mpaka mwisho, beti zote, lakini bila maneno. Aliniambia maneno hakuwahi kuyashika, kwani mwimbaji alikuwa baba. Alitaja mzee mwingine, mmoja wa wale wanne wa usiku ule, ambaye huenda anayo. Yuko Kipushi, hasikii vizuri, lakini yuko hai.

Niombeeni. Jumamosi ninakwenda Kamalondo na mwanangu wa mwisho, ana miaka kumi na mbili na vidole vyake ni virefu kama vya babu yake. Mzee amekubali kumfundisha. Kutoka kwake tutachukua basi kwenda Kipushi, sisi watatu. Jana nilipita mjini nikanunua ule uzi wa sita.