Kidole cha Mzungu

Msichana aliyekaa mstari wa mbele, mkekani, hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemjibu mwalimu: "Anko, kidole chako kimoja ni cha Mzungu." Darasa la pili zima likahamisha macho kutoka kwenye ngumi yangu hadi kwenye gumba la kulia, na mchezo ukafia hapo.

Ilikuwa 2009, shule ya msingi mjini Tanga, saa nne asubuhi, madirisha yote wazi. Mchezo ni ule ambao wengi wetu tunaofanya mazingaombwe huanza nao: kitambaa chekundu cha hariri, sentimita 23 kila upande, kinasukumwa ndani ya ngumi ya kushoto, ngumi inafunguliwa, hamna kitu. Siri yake imo katika vitabu vya wanaoanza, kwa hiyo simchongei mtu nikiitaja. Ndani ya ngumi kuna gumba bandia la plastiki laini, lenye uwazi kama mfuniko wa kalamu. Kitambaa kinaingia humo, pembe ya mwisho inashindiliwa kwa gumba la kulia, nalo linatoka limelivaa lile bandia. Mkono usitulie. Ncha ya gumba iwaelekee watazamaji moja kwa moja, wasiuone ukingo. Macho yako yabaki kwenye ngumi ya kushoto, maana unapotazama wewe ndipo nao watakapotazama.

Hayo yote yalikwenda sawa. Kilichoharibu ni rangi. Pakiti ilitoka ng'ambo, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba kifaa ni cha "rangi ya ngozi", na ndani mlikuwa na kidole cha waridi.

Wakongwe wengi wa fani hii hufundisha kwamba rangi si hoja, kwamba mkono wenye mwendo mzuri huficha hata gumba jekundu. Jukwaani, mbali na watu, huenda ikawa hivyo. Lakini kwenye mkono mweusi, mchana, mita moja kutoka kwa mtoto, kile ni kitu cheupe kinachotembea, na jicho hukifuata kabla ya kingine chochote. Huwezi kumwambia mwanafunzi mweusi aongeze mazoezi ili afidie kasoro iliyotoka kiwandani.

Na fani hii ilijua kutumia rangi ilipotaka. William Robinson, Mmarekani mweupe, alijipaka uso, akajiita Chung Ling Soo na kula mkate wake kama Mchina, mpaka mchezo wake wa kudaka risasi ulipomuua London, Machi 1918. Karne moja kabla yake Richard Potter, mtu mweusi, mtoto wa mama aliyekuwa mtumwa, alikuwa tayari anazunguka Marekani na maonyesho yake ya mazingaombwe. Tumo tangu zamani. Vifaa ndivyo vilivyotengenezwa kana kwamba hatumo.

Jioni ile nilijaribu rangi ya kucha: inang'aa, na plastiki ikipinda inameguka kama ganda la yai. Dawa ya viatu haikauki; inakiachia kitambaa baka la kahawia. Kesho yake nikaenda Ngamiani kwa fundi wa viti vya magari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hiki nini tena?"

Akakibonyeza, akakipinda. Akasema ni jamaa ya ile ngozi bandia ya viti, inataka rangi inayopinda nayo. Alikiosha kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki mpya ina mafuta na rangi haishiki juu yake, akakifuta kwa spiriti, akakipitishia msasa namba 400 mara chache, bila kugusa ukucha. Kisha akanishika gumba langu akalisogeza juani.

"Rangi mbili hizi, siyo moja."

Mimi nilikuwa nimefikiria kahawia moja tu. Yeye alichanganya ya mgongo wa kidole, nzito, yenye tone la nyeusi kwenye mikunjo ya kiungo, na nyingine nyepesi yenye wekundu kidogo kwa upande wa tumbo la kidole, ambao watazamaji huuona zaidi. Alipaka kwa sponji tabaka tatu nyembamba, dakika 20 kati ya moja na nyingine. Tabaka moja nene hubaki na unato na hufunika mikunjo. Ndani hakupaka, maana jasho hulainisha rangi na kidole hugoma kutoka. Tukakivika kwenye kalamu iliyosimama, kikakauka siku nzima.

Ijumaa nilirudi darasa lile lile. Kitambaa kilipopotea, msichana yule alinyanyuka mkekani bila kuitwa, akaomba mikono yangu. Gumba bandia lilikuwa limeshaingia mfukoni. Akavikagua vidole vyote kumi, kimoja kimoja, mbele na nyuma, kisha akarudi kukaa.