Ngoma ya kazi, Jambiani: makumbi yamekaa sawa, mwani bado

Sehemu ya makumbi ya ngoma yetu, tunayoitunga kutokana na kazi za kina mama wa Jambiani, Zanzibar, imekamilika, naiandika upesi kabla bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, halijatutawanya. Ratiba yetu yapangwa na bahari. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali na kina mama wote huwa kwenye mwani. Hapo hata ukipiga ngoma mpaka ipasuke hupati mtu. Mazoezi ni maji mafu tu, siku ambazo bahari haikupwi mbali.

Kwa asiyeyajua makumbi: yale maganda ya nazi hufukiwa pwani kwa miezi, yakazibwa kwa mchanga na mawe, mpaka yaoze na usumba, yaani nyuzi zake, uachie. Yakifukuliwa harufu yake huingia hadi kwenye kanga na haitoki kwa kufua mara moja. Mama huketi chini, kumbi juu ya jiwe, gongo mkononi. Piga, piga, piga, geuza. Piga, piga, kung'uta. Lililoiva hupigwa kidogo, gumu hupigwa mpaka likubali, kwa hiyo mapigo hayalingani hata siku moja.

Hapo ndipo tulipovutana. Wapigaji wetu wametoka kwenye kidumbak, ile taarabu ya mitaani ya ngoma ndogo; wamezoea sanduku, besi ya uzi mmoja, kushika mwendo na cherewa, yaani manyanga, kujaza nafasi. Walitaka kina mama wafuate hesabu yao. Bibi mmoja aliwatazama, akacheka. "Wanangu, kumbi halijui kuhesabu. Fuateni nyinyi."

Tukageuza mambo. Sasa gongo ndilo linaloongoza, na sanduku halisemi neno mpaka bibi ageuze kumbi. Ile nafasi ya kugeuza, ambayo vijana waliiona ni kasoro, imekuwa mahali patamu kuliko pote: viganja vinasimama, sanduku linaguna mara moja, kisha magongo yote yanashuka. Baada yake huja kusokota. Wawili wanakaa wakitazamana, usumba kati ya viganja, na kadiri kamba inavyorefuka ndivyo wanavyosogezana mbali, mpaka mmoja anatoka nje ya uwanja huku bado ameishika ncha.

Wasichana walitaka kutia kiuno humo. Mimi sina ugomvi na kiuno, kidumbak bila kiuno ni mazishi, lakini mpiga makumbi amekaa. Tumewaahidi kiuno cha mwisho, wakati wa kutoka.

Mavazi yamekwisha: kanga zao wenyewe za kazini, tena zilizopauka.

Mwani ndio unaotusumbua. Pwani hii umelimwa tangu 1989 na wengi wanaoulima ni wanawake, basi wajuzi hawakosekani. Shida ni kwamba kazi yenyewe ni ya vidole: kuinama, kushika kijitawi, kukifunga kwa tai-tai, vile vijikamba vyembamba, kwenye kamba iliyotandwa baina ya vigingi viwili. Ukiwa hatua kumi huoni kitu. Tulijaribu nchi kavu, tukachomeka vigingi mchangani, na miguu ikatusaliti. Shangazi akasema, "Kule hatuinui mguu hivyo, twaburura. Maji ya magoti, hujui unakanyaga nini."

Wenyewe wakaleta jambo ambalo nisingelithubutu kulitunga. Ile aina ya kotonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa maji yakizidi joto, na spinosamu, aina nyingine ya mwani inayovumilia, bei yake ni ndogo. Wakataka lionekane. Basi wanasimama safu moja, wanavuta kamba kwa pamoja wakiwa wamejitayarisha kwa uzito, nayo inakuja nyepesi. Miili yote inayumba nyuma. Hakuna ngoma inayopigwa hapo, na mpigaji wa cherewa nimemkanya asijaribu kuijaza hiyo nafasi.

Maji mafu yajayo tunahamia baharini kwenyewe, maji ya vifundoni kwanza, ili miguu iburure kwa haki. Mpigaji wa sanduku ameshakataa: ubao wake ukilowa sauti inakufa. Anasema tumtafutie ngalawa, apige akiwa juu yake, na watu wawili wa kuishika isiyumbe. Ngalawa tumeshaipata, hao wawili bado.